Neno Lililokwanguliwa

Asubuhi hiyo mtafiti alikuwa ameinamia kipande cha mwanzi katika maktaba ya chuo, akilinganisha nakala za maandishi ya Kichina cha kale. Zote zilisimulia habari za vibarua waliomjengea mfalme ukuta, na zote zilimalizia vilevile: kazi ilipokwisha, walirudi makwao. Lakini kwenye mwanzi huu, ulioandikwa kabla ya zama za karatasi na mkongwe kuliko nakala zote, neno “walirudi” lilikaa ndani ya kishimo. Mtu alikuwa amekwangua neno la kwanza kwa kisu, akaandika lake kwa wino mwingine. Chini ya lenzi, mikwaruzo iliyobaki ilisomeka: “walizikwa”.

Akaliandika neno hilo kwa penseli. Hata hajaiweka penseli chini, vibarua wenyewe wa ukuta wakaanza kuingia, udongo ukiwadondoka masikioni, wakaketi kwenye viti vya wasomaji. Mkutubi aliwaomba wanawe mikono kabla ya kugusa vitabu. Wakanawa.

Mmoja wao, mwashi, akasogeza kiti karibu na mtafiti.

“Dada, nyumbani waliambiwa nini?”

“Waliambiwa mmerudi.”

“Basi mama ana kinyongo na mimi. Anajua nilirudi, nikampita mlangoni.”

Mtafiti akapanda ngazi kumwita profesa, mhariri wa toleo jipya la maandishi hayo, aliyemfundisha kusoma Kichina tangu herufi ya kwanza. Profesa alipenya katikati ya vibarua akisema samahani, samahani, kisha akachungulia kwenye lenzi kwa muda mrefu.

“Kweli limekwanguliwa.”

“Basi turekebishe, Profesa.”

“Nakala moja dhidi ya zote? Hapana, binti yangu. Nimefundisha ‘walirudi’ maisha yangu yote.”

“Na hawa je?”

“Hawa kesi inawahusu. Ushahidi wao hauna uzito.” Akajipangusa udongo kwenye mkono wa koti, akarudi ofisini.

Toleo likachapwa, lenye jalada zuri la kitambaa. “Walirudi,” lilisema, bila hata tanbihi. Vibarua walimwomba mtafiti awasomee, naye akawasomea. Kwa kuwa walikuwa watu wa kutii, wakainuka waende makwao.

“Kwetu ni upande gani, dada?”

Mtafiti akafungua ramani, akatafuta mpaka macho yakamuuma. Kijiji chao hakikuwemo.

Wakaketi tena. Siku hizi wasomaji hudamka mapema, wapate pa kukaa.