Siku Nilipokalia Kiti cha Askofu

Benchi letu sisi mabibi lilikuwa mbele kabisa, chini ya mimbari, maana masikio yetu yamechoka. Wifi yangu ndiye aliyezidi: sikio la kushoto limestaafu, la kulia linafanya kibarua. Ilipokaribia ziara ya askofu, mchungaji akalitoa benchi nje, akaliegemeza kwenye ukuta wa choo. Mahali pake akaweka spika kubwa kama kabati, na viti vya wageni, cha askofu katikati. Sisi tukasukumwa mlangoni.

Jumapili iliyofuata wifi akaitikia "Amina!" kwenye tangazo la msiba. Watu wakaangua kicheko. Njiani akaniambia, "Wifi, mimi siji tena. Nitasali na kuku wangu."

Hapo ndipo alipoharibu mchungaji.

Kila Jumatano yeye mwenyewe hutufundisha maneno ya kanisa yalikotoka. Nimeishia shule ya msingi, lakini kichwa changu kikishika hakiachii. Alisema kanisa, tangu kale, ni watu waliokusanyika, si kuta. Shemasi ni mtumishi. Na kathedrali imeitwa hivyo kwa ajili ya kiti cha askofu. Kiti ndicho kinachoipa jina nyumba nzima.

Basi siku ya ziara niliwahi. Nikamvuta wifi mkono, tukaipita spika, nikajipweteka kwenye kiti cha askofu. Kina mto wa bluu. Kitamu, sikufichi.

Mchungaji akaja mbio, jasho linamtoka. "Bibi, shuka! Gari la askofu liko getini!"

"Miguu imegoma."

"Unanitia aibu, bibi yangu."

"Kanisa si ni watu? Huyu wifi yangu ni mtu, au ni furushi la kuwekwa mlangoni?"

"Hiyo ni maana ya zamani."

"Na mimi ni wa zamani. Rudisha benchi."

"Tutaongea baada ya ibada."

"Baada ya ibada nitakuwa nimeshakizoea."

Askofu akaingia, mzee wa watu, anachechemea. Akanitazama, akautazama mto wake. "Shikamoo, mama. Sasa mimi nikae wapi?"

"Marahaba, baba. Karibu kwenye benchi letu. Liko kule chooni."

Kwaya ilishindwa kujizuia. Mchungaji akawaita mashemasi wakalibebe; wao wakaanza kutazama suti zao.

"Watumishi hao," nikamwambia askofu, naye akaficha mdomo kwa mkono.

Benchi likaja, spika ikaenda mlangoni. Sikunyanyuka mpaka nilipoona miguu ya benchi imegusa sakafu mahali pake. Wifi akakaa, akaupigapiga ubao kama mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea. Siku hiyo aliitikia Amina hata pasipohitajika, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kesho yake mkwe wangu, fundi seremala, alilipigilia benchi misumari sakafuni. Darasa la Jumatano mchungaji amelisimamisha. Anasema ana shughuli. Sisi tunakuja vilevile. Tunakaa mbele, tunamsubiri.