Phonie ya Bure Nyuma ya Soko la Kikula

Bure ina utamu wake, na miaka ile Likasi hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuikataa. Kiwanda cha mume wa Clémentine kilikuwa kimesahau mishahara kama mlevi anavyosahau njia ya kwao. Simu ya posta ilikufa zamani, nyaya zake zikauzwa kwa kilo. Ukitaka kusema na ndugu wa mji mwingine, ulikwenda kwenye phonie: redio, betri ya gari, na kipaza sauti chenye kitufe. Unabonyeza, unasema, unamaliza na “à vous”, unaachia, ndipo mwenzako naye aseme.

Phonie ya parokia, aliyoishika mzee Barthélemy, ilikuwa na foleni hadi nje ya ukuta. Nyuma ya soko la Kikula, kijana mmoja anayeitwa Gaston akafungua yake: pazia la buluu, kiti chenye mto, na yote bure. Ametoka wapi huyu? Hakuna aliyeuliza. Nani aiulize bure imetoka wapi, ikumbuke kwao irudi?

Basi Clémentine akaketi kwenye mto. Dada yake mkubwa Colette, aliyemwita yaya, anayekaa Kolwezi, alikuwa anamtumia kwa lori cherehani ya marehemu mama yao. Kwa cherehani ile angeshona, na akishona, chungu kingerudi motoni kila siku.

“Yaya, itakuya na camion gani? À vous!”

“Ile ya kijani, kesho kutwa, parking ya Kikula. Lakini shofere hakujui. Tumupatie neno la siri. À vous!”

“Sema kwa nguvu, mama,” Gaston akamhimiza kwa huruma. “Maneno inapoteaka mu hewa.”

Clémentine akaona awe mjanja. Akaacha Kiswahili, akaingia Kibemba, akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikasimama: mwenye mzigo atataja jina la kambo yao, yule bibi mzaa mama, Chola. Akatoka ameridhika, kana kwamba Likasi nzima, mji uliojaa watoto wa mama za Kibemba, ingeziba masikio kwa adabu.

Kesho yake jirani yake Laure, muuza nyanya, akamsimamisha sokoni.

“Mama Dan, banasema mashini ya mama yenu iko njiani! Na hata minye nilikuwaka na kambo Chola, unajua?”

Tabasamu likamfia Clémentine usoni. “Weye, nani alikuambia?”

“Bwana yangu. Kila mangaribi anapeleka sindano ya radio kule kwa bantu ya phonie. Anasema inapita théâtre!” Laure akacheka, kisha akaacha. “Ngoja kwanza. Ulisemea kwa Gaston? Mama weee! Mama Jessica naye alisemea pale. Alifika parking, akakuta Mama Jessica mwingine amekwisha kubeba mizigo, na siri yote anaijua.”

Clémentine alihisi masikio yakiwaka moto. Mwizi avunje mlango, sawa, angalau ametoka jasho. Lakini huyu! Amkalishe kwenye mto, amwite mama, halafu amwambie aseme kwa nguvu!

Miguu yake ilitaka kwenda kwa Gaston. Akaikemea. Cherehani kwanza. Akaenda parokiani, akapita foleni yote akiomba radhi kwa sauti ya ugomvi, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

“Ah, Mama Dan,” Barthélemy akasema. “Bure imekuchoka?”

“Papa Barthélemy, leo usinichokoze. Niitie Kolwezi.”

“Nitaita. Lakini hewa ni ile ile, mama. Minye siibi, ila masikio ya bantu siwezi kuyafunga.”

Colette akatafutwa, akaja. Clémentine akawa ameshafikiri. Kosa lao lilikuwa kutaja jibu. Swali, hewa ilisikie tu. Halimpi mtu kitu.

“Yaya, lile jina tutupe! Shofere aulize hivi: papa alinichapa juu ya nini siku ya komunyo? À vous!”

Kicheko kikaja kikikwaruza kutoka Kolwezi. “Ha! Nitasahau? Si ulichukua bi—”

“Usijibu!” Clémentine akapiga kelele. Bure tu: mwenzako akibonyeza kitufe chake, wewe unasikiliza, hata nyumba ikiungua. Colette naye, akianza hadithi, hawi na haraka ya kuachia.

Barthélemy akabonyeza kitufe chake juu ya maneno ya Colette, akamsukumia kipaza sauti. “Imba, mama! Redio za hapa zitashika sauti ya hapa. Imba!”

Clémentine akaimba wimbo wa kwanza uliomjia, Salamu Maria, kwa hasira ambayo Bikira hajawahi kuimbiwa. Foleni ikaitikia. Walipoachia, Colette alikuwa akilalamika.

“... sisikii kintu! Unaimba? À vous!”

“Jibu usiseme hapa! Mwambie shofere, mdomo kwa sikio! À vous!”

“Ah. Bezi ya mizigo banasikia? À vous!”

“Bote banasikia, yaya!”

Lori la kijani lilipofika parking, Clémentine alikuta mwanamke mwenye kitenge kipya ameshasimama mbele ya shofere, na msukuma mkokoteni pembeni.

“Ni minye njo Clémentine,” mwanamke alikuwa akisema. “Kambo yetu ni Chola.”

“Vizuri,” shofere akajibu. “Na papa alikuchapa juu ya nini siku ya komunyo?”

Mwanamke akapepesa macho. “Papa yangu hakunichapaka.”

“Wangu alinichapa!” Clémentine akajipenyeza. “Nilibadilisha viatu vyeupe na miwa, nikaingia kanisani miguu mitupu, juisi hadi kwenye gauni!”

Parking nzima ikaangua kicheko. Shofere akashusha cherehani. Mwanamke yule akarudi nyuma, wala hakuona haya.

“Pole, mama. Gaston njo alinituma,” akasema, akapotea kati ya magunia, akimwacha msukuma mkokoteni bila mteja. Basi cherehani ikapanda mkokoteni uleule ulioletwa kuiiba, ikasukumwa moja kwa moja hadi kwenye pazia la buluu.

Foleni ilikuwa ndefu. Clémentine akawaeleza wote wanavyoibiwa. Wakamtazama kama mtu anayemwaga maji ya kunywa.

“Mama, punguza sauti,” mmoja akasema, “hatusikii ndugu wa Kamina.”

Gaston akatoa kichwa, akitabasamu. “Si mashini umeipata? Sasa unalilia nini?”

“Ninalilia nini?” Ndani ya pazia mzee mmoja alikuwa akitangaza mzigo wa mwanawe, rangi ya gunia na jina la atakayelipokea. Clémentine akampita Gaston, akamwomba mzee kipaza sauti kwa mikono miwili, akabonyeza kwa kidole gumba.

“Bantu ya Likasi, ya Panda, ya Kolwezi! Minye Mama Dan. Niko kwa Gaston, nyuma ya soko la Kikula. Mizigo yenu inaibiwa hapa, na mwizi njo huyu anayewaambia museme kwa nguvu! À vous!”

Akaachia. Redio ikakwaruza. Gaston alinyoosha mkono kwenye betri, lakini mzee aliusukuma kando.

Kisha sauti ya mwanamke wasiyemjua ikaja kutoka mbali. “Tunakusikia, mama. Sema yote. À vous.”