Sauti ya Bu Sutilah

Masikio ya Pak Karsana yalikuwa yanakufa, na kompyuta ya bintiye Wigati haikuwa na habari.

"Bado inagoma?" Gandung aliuliza kwenye simu. Gandung, binamu wa Wigati, ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux kompyuta ile kuukuu, na ndiye aliyeapa kwamba kuweka programu huria ya kung'arisha sauti ni kazi ya kikombe kimoja cha chai.

"Chai gani, Gandung? Tangu alfajiri niko hapa! Nikiiweka inataka kitu kingine, nikikileta nacho kinamtaka ndugu yake. Hii programu au harusi?"

"Taratibu, dada."

"Taratibu mwenyewe!"

Taratibu ya nini? Daktari alishasema waziwazi: sindano zimemponya mzee kifua kikuu, ila zinamla masikio, na yakienda yameenda. Kila asubuhi Wigati alimpelekea chai akamuuliza, "Baba, bado unanisikia?" Naye kila asubuhi alitabasamu. "Nasikia, nduk, mwanangu." Mzee alikuwa mtu wa adabu zetu zile za zamani, hata muuza mifagio hamwambii hapana, anamwambia ndiyo, kisha hanunui.

Alitaka jambo moja tu, amsikie marehemu mkewe akiimba. Bu Sutilah alikuwa mwimbaji wa gamelan, ule muziki wa ngoma na patu, na iliyobaki ni kaseti moja, iliyorekodiwa na jirani mmoja, mjinga wa watu, aliyeweka maikrofoni puani mwa mpiga ngoma. Ngoma tele, upatu tele, na mama kwa mbaaali kama anaita kutoka kisimani. Wigati alikwisha kuihamishia kwenye kompyuta. Ilibaki programu ya kumtoa mama chini ya vyombo vile, tena upesi.

Kompyuta ikamwaga maandishi mengi, ikauliza: niendelee? Wigati akajibu ndiyo.

"Nisomee ilichoandika mwishoni," Gandung akasema.

"Inasema... imeondoa..."

"Dada! Umekubali iondoe mfumo mzima wa sauti? Hukusoma? Ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi mbele ya kadhi!"

Wigati akalia. Alilia kwa sauti, paji la uso juu ya meza, na Gandung kule aliko akaona aibu, akaacha utani. Akamwongoza mstari kwa mstari, wakarudisha kilichoondolewa, wakaanza upya. Mara hii Wigati alisoma kila neno, midomo ikimcheza.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, programu ikafunguka. Akavaa vipokea sauti vya masikioni, akashusha ngoma, akapunguza upatu, akambembeleza mama apande. Na mama akapanda. Akamsikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Wigati alicheka peke yake na makamasi yake.

Akaibeba kompyuta mbiombio hadi kitandani kwa babake, akamvika vile vipokea sauti, akabonyeza.

Pak Karsana akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu, kidole kikigonga shuka. Machozi yakamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Anasikika safi kabisa, nduk," akasema. "Kama yuko humu ndani. Mungu akubariki."

"Alhamdulillahi," Wigati akasema, akainama kuinua pindo la shuka lililoanguka. Hapo akauona waya wa vipokea sauti. Ncha yake ilikuwa inaning'inia ubavuni mwa kitanda, haijachomekwa popote. Lazima ulichomoka njiani. Na spika za kompyuta ile zilikufa zamani.

Tangu lini hasikii? Zile asubuhi zote, swali lilelile, chai ileile, tabasamu lilelile. Naye akaridhika na ndiyo.

Akauchomeka waya, akaongeza sauti hadi mwisho. Bu Sutilah akavuja pembeni mwa masikio ya mumewe, safi, mtamu, mzima. Wigati aliyasikia maneno yote akiwa amesimama pale.

Kichwa cha mzee hakikubadili mwendo. Kidole kiligonga vilevile, nje kabisa ya mapigo ya ngoma.

"Nasikia, nduk," akasema, wala hakuna aliyekuwa amemuuliza.