Mawe Mawili Katika Makaa

Tangu wapima ardhi wafike Manga na kamba zao na vigingi, majirani waliokuwa wakisalimiana kwa mikono miwili walianza kusalimiana kwa kukohoa. Ilikuwa mwaka 1971. Kila mwenye shamba alitembelea mpaka wake asubuhi kabla ya chai, kuhakikisha kwamba mkonge wa mpakani haukuota miguu usiku. Hii si dhihaka. Yako mashamba ambako mkonge ulitembea kweli.

Tryphosa, mwalimu wa kemia katika shule ya Nyanchwa, alipata barua ya mistari miwili kutoka kwa baba yake, Mzee Obadiah: Njoo Jumapili. Wanataka kumchukua mama yako. Mama huyo alikuwa marehemu wa miaka minne, na kaburi lake lilikuwa kwenye ukanda wa shamba, upana wa hatua ishirini hivi, ambao Obadiah aliuita wake na jirani yake wa chini, Bosibori, mjane wa Ogari, akauita wake. Kamati ya wazee ingeamua siku hiyo ya Jumapili, na ikimpa Bosibori ukanda ule, mama angelala katika shamba la watu. Tryphosa alipanda mlima akiwa na hasira iliyoiva.

Kesi ilikuwa imekwama kwenye mawe. Zamani, babu zao walipowekeana mpaka, walifukia pembeni jiwe moja jeusi la kioo, lile ambalo watu wa kale walilipasua ili kupata makali ya kunyolea vichwa. Walilichagua kwa sababu halifanani na jiwe lolote la shambani. Aliyelichimbua angejua kwamba halikufika pale lenyewe. Sasa Bosibori alikuwa amechimbua jiwe kama hilo chini ya mkonge wa juu, na Obadiah alikuwa amechimbua lake chini ya mkonge wa chini. Ukanda wote ulikuwa katikati ya mikonge hiyo miwili.

"Jiwe lilifukiwa moja tu," alisema Mzee Nyasani, mwenyekiti wa kamati, akiyapima mawe yote mawili kiganjani. "Lakini haya yote ni meusi na yote yanang'aa. Mmoja wenu ametuchezea, na mimi macho yamezeeka."

Tryphosa alisimama kabla hajajiuliza kama anaruhusiwa. "Mzee, jiwe la kweli ni kioo cha volkano. Ni mwamba ulioyeyuka, ukamwagika na kupoa upesi mno. La uongo litakuwa kioo cha kiwandani. Vyote ni vioo, lakini havikupikwa jiko moja. Tukitia kibanzi cha kila jiwe kwenye moto mkali, vitaachana."

"Vitaachana vipi?" aliuliza Nyasani, kisha akainua mkono upesi. "Hapana, ngoja. Usituambie sasa. Ukisema sasa, mwenye hofu atakuja na visingizio. Utasema moto ukishasema."

Mzee mmoja alinung'unika kwamba huyu ni binti wa Obadiah, naye atasema nini kingine. Hapo Bosibori, aliyekuwa kimya tangu asubuhi na kanga yake imefungwa kifuani kwa fundo kubwa, akajibu. "Aseme yeye. Mimi sina mtoto aliyesoma kemia. Na mama yake hakuwahi kunipunja hata kibaba cha wimbi."

Maneno hayo yalimgusa Tryphosa pabaya, kwa maana alikuwa amekuja kumshinda mama huyu, wala hakutaka kusifiwa naye. Alikumbuka siku ya mazishi. Obadiah ndiye aliyeonyesha mahali pa kuchimba, na Bosibori alisimama pale akilia, hakusema neno. Nyumbani walilichukua hilo kuwa ushahidi kwamba ardhi haikuwa yake.

Walipokuwa wakishuka kwenda kwa Angwenyi, mhunzi, Nyasani alimtaka kila mmoja aseme jiwe lake lilitoka wapi. Bosibori alisema mumewe alisimuliwa kwamba lilinunuliwa kwa mbuzi kutoka kwa watu wa mashariki, waliolitoa bondeni, upande wa Naivasha. Obadiah alisema bila kusita, "Babu yangu aliliokota hapa hapa Manga, chini ya genge la mlima."

Tryphosa alipunguza mwendo, akabaki nyuma yao.

Chuoni, mhadhiri wao aliwahi kuwapeleka Naivasha kuona kioo hicho kikiwa kimelala kwa matabaka meusi ubavuni mwa kilima. Aliwaambia kwamba kioo cha volkano hakidumu. Maji hukipenya kidogo kidogo, na kwa mamilioni ya miaka hugeuka chembechembe, mng'ao ukapotea kabisa. Vilima vya Naivasha ni vichanga, ndiyo maana bado vina kioo. Kisha akamgeukia Tryphosa na kusema, kwa utani, kwamba miamba ya kwao Kisii ni mikongwe kuliko karibu kila kitu walichokiona safari ile, na kama iliwahi kuwa na kioo, basi kimekufa zamani. Hakuna babu aliyeokota jiwe jeusi linalong'aa chini ya genge la Manga.

Alijiambia labda wazee wamechanganya masimulizi. Alijiambia hivyo mara tatu mpaka walipofika kwa mhunzi.

Angwenyi alipoanza kukoleza makaa, Tryphosa alimvuta baba yake kando, nyuma ya rundo la majembe yaliyokatika. "Tata, jiwe lako lilitoka wapi kweli?"

Obadiah aliangalia bonde. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye sauti yake ilitosha kunyamazisha watoto wa safu ya nyuma. "Unajua mama yako amelala wapi," alisema.

"Najua. Nakuuliza jiwe."

"Siku ya kuchimba kaburi nilijua nimevuka mpaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa, huku kwetu juu ni mwamba mtupu, na yeye alikuwa sebuleni akinisubiri. Ningefanya nini?"

"Ungemwambia Bosibori."

"Sasa nimwambie nini? Miaka minne imepita."

"Litoe jiwe lako," Tryphosa alimwomba. "Sema ulikosea. Mzee hukosea, hakuna atakayekucheka. Tukishawasha ule moto sitaweza kukusaidia."

Baba yake alimtazama sasa, na macho yake hayakuwa ya mtu mkali. Yalikuwa ya mtu anayeomba, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. "Nani atajua, isipokuwa wewe?"

Nyasani aliwaita.

Vibanzi viwili, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, viliwekwa juu ya kipande cha jembe la zamani, cha Obadiah kushoto na cha Bosibori kulia. Angwenyi alikisukuma chuma katikati ya makaa na kuanza kuvuta mvukuto. Wazee waliinama. Bosibori alikaa juu ya gogo mikono magotini. Makaa yalitoka wekundu yakawa ya manjano, kisha karibu meupe, na jasho la mhunzi likawa linadondoka na kukauka kabla halijafika chini.

Cha kushoto kilianza. Pembe zake kali zikalainika, kikajikunyata na kuwa tone la mviringo, na Angwenyi alipoinamisha chuma kidogo, kikateleza kivivu kama asali ya baridi. Cha kulia hakikufanya kitu. Dakika zilipita, na Tryphosa, Mungu amsamehe, akaanza kuombea kisifanye kitu kabisa, ili aweze kusema kipimo kimeshindwa na kila mtu aende nyumbani.

Kisha kikaumuka. Kilivimba taratibu kama andazi katika mafuta, kikapoteza weusi wake, kikatoa mapovu, na kikasimama pale kikiwa bonge la kijivu lenye vishimo, kubwa mara kadhaa kuliko kilivyoingia.

Angwenyi alitoa chuma, wakasubiri kipoe. Tone la Obadiah lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa hata kuliko mwanzo. Kibanzi cha Bosibori kilifanana na kipande cha mkate kilichosahauliwa na panya. Mzee mmoja alikigusa kwa kijiti, kikameguka.

"Hiki kimeoza," alisema.

Nyasani alitikisa kichwa kukubali. Alimgeukia Tryphosa. "Basi, mwalimu, lililobaki liking'aa ndilo la kweli. Sivyo?"

Tryphosa hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kuinamisha kichwa tu, kama mtu anayemkubalia mkubwa wake. Obadiah alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Bosibori hakuwa akiangalia chuma wala wazee. Alikuwa akimwangalia Tryphosa, bila hofu, kama mtu aliyekwisha kumkabidhi mwenzake mzigo.

"Hapana, Mzee," Tryphosa alisema. "Lililoumuka ndilo la kweli. Kioo cha volkano kilipoganda kilifungia maji kidogo ndani yake. Moto ukikilainisha, yale maji hutaka kutoka, ndiyo hayo mapovu. Kioo cha kiwandani hakina maji hayo. Huyeyuka tu." Alivuta pumzi. "Lililobaki liking'aa ni chupa."

Mvukuto uliachwa, nao ukatoa pumzi yake ya mwisho polepole. Obadiah alivaa kofia yake, akaondoka kwa njia ya juu, na Tryphosa hakumfuata. Alilia pale pale kwa mhunzi, mbele ya wazee, na hakuona haya.

Vigingi vilipigwa Alhamisi, kutoka mkonge wa juu. Kaburi liliangukia ndani kwa Bosibori, hatua saba kutoka kambani.

Obadiah hakumsemesha binti yake kwa miezi miwili. Jumapili moja, mvua za vuli zilipokwisha na magugu yalipokuwa yamepanda, Tryphosa alimkuta uani ameshika jembe. Obadiah alitembea mbele, naye Tryphosa akamfuata hadi mpakani. Pale mzee alisimama, akavua kofia.

"Hodi," alisema, kwa ile sauti ya kanisani, lakini ilitoka ndogo.

Bosibori alikuwa akivuna mboga upande wa pili. Alinyoosha mgongo, akawatazama wote wawili kwa muda mrefu.

"Mwalimu apite," alisema. "Wewe ngoja kwanza. Nitakuita siku nitakayoweza."

Obadiah hakubisha. Alimpa binti yake jembe. Tryphosa alivuka mpaka, akaenda kwenye kaburi na kuanza kupalilia, jembe likigonga udongo.

"Pale kichwani bado pana magugu," baba yake alisema kutoka ng'ambo.

"Nimeyaona, Tata."

"Usimkatie yale maua."

"Siyakati," alisema.