Jina Alilopewa Ndege wa Matopeni

Kwa Waabiponi wa Chaco, nyika za Amerika Kusini, maiti haizikwi peke yake. Huzikwa pamoja na jina lake. Na kama jina hilo lilikuwa pia la mnyama au mti, basi mnyama huyo au mti huo hupewa jina jipya siku hiyohiyo. Anayelitamka la zamani amemtukana mfiwa, na kwa kosa hilo watu wamewahi kuchomwa mikuki. Mtunzi wa majina mapya alikuwa Hamelate. Asubuhi akitamka neno, jioni limeshaenea katika mahema yote ya mikeka hadi ng'ambo ya mto, wala hakuna wa kubisha. Alikuwa mwanamke mkali, na kazi hiyo aliipenda kuliko ilivyompasa mtu kuipenda.

Jirani yake Pachike alipofiwa na mwanawe, kijana aliyekuwa na jina la chui, Hamelate alimpa chui jina jipya kabla machozi ya mama mtu hayajakauka. Baada ya siku chache Pachike aliteleza ulimi, akamtaja chui kwa jina lile la kwanza mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji.

"Wee!" Hamelate akamkaripia. "Unataka kumrudisha mtoto njiani? Mwache aende zake!"

"Nimesahau tu, dada."

"Kama huwezi kukumbuka, basi funga mdomo."

Pachike akaufunga.

Hamelate mwenyewe alikuwa na binti mmoja tu. Alizaliwa msimu ambao ndege fulani wa matopeni, jamaa ya sululu, mwenye miguu mirefu na mdomo uliopinda, alikuwa akilia kutwa karibu na hema. Mumewe, Naharekin, akampa mtoto jina la ndege huyo. Mimi silitaji. Nimekaa na watu hawa mno, na adabu yao imeshanikaa kinywani. Mtoto alikuwa mwembamba, mtundu, hodari wa kupanda farasi bila tandiko. Homa ilimchukua kabla hajafikia umri wa kuchanjwa chale za usoni.

Walimzika, wakamchinja farasi wake juu ya kaburi. Hamelate akanyoa kichwa. Pachike akaja na wenzake kwa adabu zote, akachuchumaa mlangoni.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa."

"Haya, mtunzi. Yule ndege wa matopeni, kuanzia leo tunamwitaje?"

Haikuwa kejeli, na hata kama ilikuwa, ilikuwa ndogo, na Hamelate aliistahili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alimtazama mumewe, Naharekin alikuwa akitazama chini. Basi akasema neno la kwanza lililomjia, "Mpindamdomo", neno bovu kuliko yote aliyopata kutunga. Jioni watoto walikuwa wakilitumia.

Tangu hapo mume na mke hawakumtaja mtoto wao. Mwanzoni walisema "yule", kisha hata "yule" ikaisha. Hamelate alikuwa akilala na hofu moja kifuani. Watoto wanaozaliwa sasa watamjua Mpindamdomo tu, na siku yeye na Naharekin wakifa, jina la binti yao halitabaki popote chini ya jua. Itakuwa kama vile hakuzaliwa.

Wakati huo aliishi nao padre mmoja mnene, mzee, Padre Ambros, aliyekuwa na tabia ya kukausha ndege na kuwapeleka kwao ng'ambo, ambako wataalamu huwapa majina ya Kilatini. Siku moja alimkuta Hamelate peke yake kando ya bwawa, akichimba mizizi. Mkononi padre alikuwa na ndege yule wa matopeni, ameshamkausha.

"Mama, huyu mnamwitaje?"

"Mpindamdomo."

"Hilo si la juzijuzi tu? Wenzangu wanapenda la zamani."

Hamelate aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Ukiliandika, linakwenda wapi?"

"Mbali, mama. Wataalamu wakishalikubali, halibadiliki tena. Hata mimi nikifa."

"Hata wewe ukifa?"

"Hata tukifa sote."

Akalitamka. Polepole, mara moja tu. Padre akaliandika kwenye kikaratasi, akakifunga mguuni mwa ndege.

"Ila hapa kwetu usiliseme," Hamelate akamwonya. "Hata kwenye sala zako."

"Kwa nini?"

"Nimesema!"

Padre hakupenda ugomvi na wanawake wakali. Akanyamaza, na miaka kadhaa baadaye akafa bila kulisema.

Padre aliyemfuata alikuwa kijana, Ludvik, pua imebabuka kwa jua, na alikuja na kitabu kinene cha picha za ndege. Siku moja watu walikuwa wamekaa wakinywa pombe ya asali, ndege yule akashuka matopeni karibu nao. Ludvik akaruka kwa furaha. Akataja jina lake la kitaalamu kwa sauti kubwa. Neno la kwanza lilikuwa Kilatini. La pili lilikuwa jina la binti wa Hamelate, na alilitoa kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Watoto wakaangua kicheko. "Padre kazua! Huyo ni Mpindamdomo!"

"Hapana, wanangu. Jina ni la hukuhuku kwenu, kitabu kinasema."

Watu wazima hawakucheka. Kibuyu kilichokuwa kikizunguka kikasimama. Naharekin akainuka na mkuki wake. Alikuwa mzee sasa, lakini mkono wake ulikuwa bado na nguvu, na hakuna ambaye angemzuia, maana ilikuwa haki yake. Ludvik alikuwa bado akitabasamu, hajui lolote.

"Mtunzi," Pachike akasema taratibu, "hilo ni neno letu?"

Wote wakamgeukia Hamelate. Akisema ndiyo, kijana wa watu atakufa, na jina litazikwa mara ya pili. Alimtazama Pachike, akaona huruma ambayo yeye hakumwonyesha siku ile ya kuchota maji, na aibu ikamshika.

"Si letu," alisema. "Ni la wageni. Mimi silijui." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimuuma. "Neno la wageni halina maiti. Anayetaka kulisema, na aliseme."

Hakuna aliyebisha. Watoto wakatoka mbio kuelekea bwawani, wakimfukuza ndege na kulipiga kelele jina lile.

Naharekin akabaki amesimama. Kisha akaushusha mkuki.

"Kama ni la wageni, basi hata mimi naruhusiwa."

"Unaruhusiwa," Hamelate akamjibu.

Akalisema. Akalisema tena, machozi yakimtiririka mashavuni mbele ya watu wote. Akakaa kando ya mkewe, akamshika mkono.

"Na wewe, mke wangu. Sema."

Hamelate akafungua kinywa. Kambi nzima sasa ingeweza kulisema, na padre, na wataalamu wa ng'ambo wasiowahi kumwona mtoto yule juu ya farasi. Yeye alimkana mwanawe ili jina lake lipone. Alingoja neno lije, lisije.

"Siwezi," alisema. "Nimeshawaambia silijui."