Inchi Moja ya Upande wa Kulia

Babu yenu alikuwa fundi bodi wa magari. Macho yake yalipoanza kufifia, daktari alimwambia bila kuzunguka: miezi mitatu ya kuona, ikizidi sana minne. Hakulia. Alikwenda nyuma ya karakana akalivuta lile pikapu la zamani ambalo kuku walikuwa wakitagia humo, akasema atalifanya gari la kutamba: injini kubwa, matairi mapana nyuma, paa lishushwe inchi nne mpaka dereva aonekane macho tu. Alitaka aone limekamilika kabla ya giza, basi. Nikawa naliita mke mwenzangu. Akanijibu kwamba huyo angalau hanuni.

Futi yetu ilikatika ncha zamani, kwa hiyo tulipima kuanzia namba moja. Nguzo za paa za kushoto alizipima mwenyewe, asubuhi yenye mwanga mzuri. Wiki mbili baadaye, za kulia hakuziona tena. Alibana ukucha kwenye moja, akaniambia nitie chaki kwenye tano. Nikajisemea moyoni, mzee amesahau habari ya ncha. Nikamwongezea inchi yangu, nikatia kwenye sita. Wala sikumwambia, nilidhani namsitiri.

Akakata, mimi nikimwongoza mkono. Tukalishusha paa kwa winchi, akalichomelea kwa mazoea ya miaka arobaini. Kilibaki kioo cha mbele, tulichokihangaikia mwezi mzima, nacho kilikwisha kupunguzwa kwa kipimo cha inchi nne. Tulipokigandamiza kikapasuka kona hadi kona.

Alipitisha viganja kwenye nguzo za huku na huku, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Ulitia wapi chaki?"

"Kwenye sita."



"Ile moja nilikuwa nimeshaiongeza, mama watoto."

Nikamwambia tukate tena, tuunge kipande. Akasema hiyo ni kazi ya mwezi mzima, na asubuhi ile hakuiona chai ndani ya kikombe. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Akaomba nilifunike. Nililitandika turubai, nikafunga kamba pembe zote nne, fundo moja moja, maana sikutaka kumaliza. Nilipogeuka nilimkuta ameuelekea ukuta, ameunyosha mkono, analiaga. Gari lilikuwa nyuma yake.

Sikuwa na uso wa kumgeuza.