Diski Nane na Dirisha la Dawa

Injinia wa kompyuta wa hospitali alijua kujisifu, hilo tumpe. Diski nane za seva mpya zilipofika, angeweza kuzipanga mbili mbili, kila moja na pacha wake: nafasi ingekuwa nusu, lakini kuandika kungekuwa haraka. Lakini injinia wetu akaingiwa na tamaa ya nafasi. Akaziunga zote kwa mpango ambao kila kitu kidogo kikiandikwa, diski husoma kwanza, hupiga hesabu, ndipo huandika. Akazijaribu kwa kunakili faili moja kubwa. Likapita fyuu! Akajipiga kifua mbele ya mganga mkuu.

Lo, nani alimwambia hospitali inaandika mafaili makubwa? Vyumba vingine vilisoma tu. Dirisha la dawa ndilo lililoandika, vitu vidogo vidogo, kutwa nzima. Kompyuta yake ikawa inaganda kwa kila mgonjwa, na foleni ikafika getini.

Lawama zikamwangukia shemeji yake injinia, binti mdogo wa mkewe, aliyekuwa dirishani kwa majaribio. Wagonjwa wakamwita Konokono.

"Tatizo ni mashine au binti?" mganga mkuu akamuuliza injinia.

"Mashine haina kasoro, mkuu. Labda mtumiaji."

Ulimi hauna mfupa. Jioni, nyumbani, alimkuta shemeji mezani, anajifunza kuchapa kwenye kibodi iliyokatika waya.

"Anajifua asifukuzwe, maskini," mkewe akamnong'oneza. Chakula kilimshinda injinia. Alijua fika diski ndizo zilizokuwa zinamchelewesha mtoto wa watu.

Jumapili akaingia kazini peke yake, akahamisha data, akazipanga diski mbili mbili, akairudisha. Hakumwambia mtu. Jumatatu foleni ikayeyuka.

Mganga mkuu akawaita wafanyakazi wote. "Mnaona? Binti amejirekebisha. Kazi anayo!"

Injinia akashusha pumzi. Si yameisha? Kumbe wapi. Shemeji akasimama, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Namshukuru shemeji yangu kwa alichokuambia, mkuu," akasema. "Angenitetea kwa sababu ya udugu, nisingeujua uzembe wangu."

Wote wakamgeukia injinia. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Neno moja tu lilitakiwa, na mwenye kulisema alikuwa yeye. Akafungua mdomo.

"Usijali, shemeji," akasema. "Kila mtu hukosea."

Wakampigia makofi, na binti ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.